UMEME UNAPOONJA CHUMVI

Kitendawili! Tega! Niliingia majini nikapotea, ulimi ukanifichua.

Bila shaka, mpenzi msomaji, umekwisha kukitegua: ni chumvi. Tia kijiko cha chumvi ndani ya glasi ya maji, koroga, kisha tazama. Huoni kitu. Maji ni yale yale, maangavu kama yalivyokuwa. Lakini chovya ulimi na siri inatoboka mara moja. Je, ulimi huo waweza kukuambia chumvi iliyomo ni gramu ngapi? Na kama maji yenyewe si ya kuonjwa, utafanyaje? Haya ni maswali yaliyozuka katika kikao kimoja cha Chama chetu cha Kiswahili, pale mwenzetu mmoja aliposhikilia kwamba mambo ya maabara hayaelezeki kwa Kiswahili. Nikasema yanaelezeka, tena vizuri. Basi nikaambiwa niandike. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na hivyo nimeyaingia.

Sisi na chumvi ya bahari wapi na wapi?

Pengine utaniuliza, "Ndugu, sisi tunaokaa Kombewa, kando ya ziwa la maji matamu, chumvi ya bahari inatuhusu nini? Mombasa iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa!" Swali ni zuri. Jibu ni kwamba njia ile ile wanayoitumia wanasayansi wa bahari kupima chumvi ya Bahari Hindi ndiyo inayoweza kutupimia maji ya nyumbani. Hapa kwetu Seme watu huteka maji sehemu nyingi: mvua inayokingwa kutoka kwenye mabati, ziwa, mito, silanga za kunyweshea ng'ombe, na visima vya pampu. Kila maji yana ladha yake. Kuna visima ambavyo maji yake yakipikiwa chai, mgeni anaweza kudhani aliyepika amechanganya kopo la sukari na la chumvi. Hapo ndipo watu huanza kubishana: mmoja asema maji haya ni mabaya, mwingine asema ndiyo yaliyomlea. Ulimi wa nani tuuamini?

Njia ninayoizungumzia hapa haina ubishi wa ndimi. Inapitisha umeme majini na kupima jinsi unavyopita.

Chumvi ikiingia majini inakuwa nini?

Chumvi ya mezani imeundwa kwa sodiamu na klorini. Ikiyeyuka majini, chembe zake huachana. Kila sodiamu hubeba chaji chanya, na kila klorini, ambayo sasa huitwa kloridi, hubeba chaji hasi. Chembe hizi zenye chaji ndizo ziitwazo ioni. Aliyeieleza habari hii ni Mswidi mmoja aliyeitwa Svante Arrhenius, katika tasnifu yake ya mwaka wa 1884. Waliomtahini hawakuipenda sana, wakaipa alama ya chini. Mwaka wa 1903 tasnifu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa msingi wa yeye kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa hiyo ewe uliyepata "D" muhula uliopita, usife moyo!

Maji safi kabisa, yasiyo na kitu ndani yake, hupitisha umeme kwa uchache mno. Ioni ndizo zinazoubeba. Fikiria stendi siku ya soko. Umeme ni abiria, ioni ni bodaboda. Bodaboda zikiwa mbili, abiria watakaofika ng'ambo ni wachache. Zikiwa mia, abiria watamiminika. Basi ukihesabu abiria wanaofika kwa dakika, unaweza kukisia bodaboda ni ngapi hata kama huzioni. Hiyo ndiyo siri yote. Maji yenye chumvi nyingi yana ioni nyingi, na yenye ioni nyingi hupitisha umeme mwingi.

(Hapa natoa onyo. Maji ya bomba, ya mvua au ya ziwa yote yana ioni za kutosha kukuua ukiyachanganya na umeme wa ukutani. Majaribio ninayoeleza ni ya betri ndogo za redio pekee.)

Jaribio letu

Mimi na wenzangu watatu wa kidato cha tatu tulifanya jaribio ambalo hata wewe unaweza kulirudia mwalimu akiwapo. Tulichukua vijiti viwili vya kaboni kutoka katika betri kuukuu, tukavisugua na kuviosha vizuri, kisha tukavitoboza kwenye kipande cha ubao ili viwe umbali wa sentimita 2 daima. Tukaviunga kwa waya na betri mbili za volti moja na nusu pamoja na ampimita ya maabara. Mbele yetu kulikuwa na bika nne: maji ya mvua, maji ya ziwa, maji ya kisima cha pampu, na maji tuliyoyatia chumvi sisi wenyewe.

Katika maji ya mvua mshale wa ampimita ulitikisika tu kama mtu anayesinzia. Katika maji ya ziwa ulisogea kidogo. Katika maji ya kisima ulipanda zaidi. Kwenye maji ya chumvi uliruka mpaka mwisho wa kipimo, tukalazimika kubadilisha waya kwenda kwenye kipimo kikubwa. Hakuna aliyeonja chochote, na bado tulizipanga bika zote nne kwa ukolevu wake wa chumvi.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Kwenye bika ya chumvi vijiti vilianza kutoa mapovu, na harufu kama ya Jik ikapanda. Mshale nao ukaanza kuyumba, hausimami mahali pamoja. Sababu ni kwamba umeme wa betri huenda upande mmoja tu. Ioni hukimbilia vijiti, zinabadilika kuwa gesi, na gesi hizo hukifunika kijiti na kuuzuia umeme. Ile harufu ni ya klorini, gesi ya sumu. Kwa hiyo fungua madirisha na upime kwa sekunde chache tu. Vyombo vya kitaalamu huliepuka tatizo hili kwa kutumia umeme unaogeuza mwelekeo mara nyingi katika kila sekunde, hata ioni hazipati nafasi ya kutua. Ufundi huo uliasisiwa na Mjerumani Friedrich Kohlrausch katika karne ya 19.

Ukitaka kuendelea zaidi, tengeneza "bahari" yako mwenyewe. Pima gramu 35 za chumvi, uziyeyushe katika gramu 965 za maji. Hapo una kilo moja yenye ukolevu unaokaribia ule wa bahari. Gawa nusu, uongeze maji kiasi hicho hicho, upime. Rudia mara tano au sita, kisha chora grafu. Utaona kwamba ukipunguza chumvi kwa nusu, umeme unaopita huwa zaidi kidogo ya nusu. Kwa nini? Kumbuka stendi yetu: bodaboda zikizidi zinazibana njia. Zikipungua, kila moja inapata nafasi ya kukimbia.

Vipimo na joto

Upitishaji wa umeme majini hupimwa kwa simensi, kipimo kilichopewa jina la Werner von Siemens wa Ujerumani. Kwa kuwa maji ya kawaida hupitisha kidogo, tunatumia mikrosimensi, yaani sehemu moja ya milioni ya simensi, kwa kila sentimita. Tazama jinsi maji ya Kenya yanavyotofautiana:

Ziwa Victoria, mbali na ufuo: karibu mikrosimensi 100. Ndani ya Ghuba ya Winam huwa juu kidogo.
Ziwa Turkana: karibu 3,500.
Bahari Hindi, maji yakiwa na nyuzi 25 za joto: karibu 53,000.

Kwa maneno mengine, bahari hupitisha umeme zaidi ya mara 500 kuliko ziwa letu. Si ajabu kwamba mvuvi wa hapa huinamia mtumbwini akanywa, na mvuvi wa Lamu hubeba mtungi wake kutoka nyumbani.

Lakini usiandike namba bila kuandika joto. Maji yakipata moto huwa mepesi kutiririka, nazo ioni hupita upesi, kama bodaboda kwenye barabara iliyokauka baada ya matope. Kila nyuzi moja ya joto huongeza upitishaji kwa takribani asilimia 2. Ukipima maji ya ufukoni asubuhi yakiwa na nyuzi 24, ukayapima tena alasiri yakiwa na 28, utaona ongezeko la asilimia 8 hivi, na hakuna aliyetia hata punje ya chumvi! Ndiyo maana vyombo vizuri hupima joto pia, kisha hutoa jibu kana kwamba maji yote yana nyuzi 25.

Wenye bahari wanahesabuje?

Mtu atasema, "Kwani kuna shida gani? Chukua maji ya bahari, yachemshe mpaka yakauke, upime chumvi iliyobaki." Shida ipo. Baadhi ya chumvi hung'ang'ania maji hata baada ya kukauka, na nyingine huharibika kwa moto. Jibu huwa halitulii.

Msaada ulitoka kwa meli ya Uingereza iliyoitwa Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876. Mkemia William Dittmar alichunguza sampuli 77 za maji yaliyoletwa na meli hiyo, na mwaka wa 1884 akachapisha matokeo. Yalithibitisha kwamba chumvi za bahari kuu zina uwiano ule ule kila mahali. Maji yanaweza kukolea au kupwaya, lakini mgawo wa sodiamu, kloridi, magnesi na wenzao haubadiliki. Ni kama uji wa nyumba moja: siku nyingine mzito, siku nyingine mwepesi, ila unga ni ule ule. Basi ukijua kimoja, umejua vyote. Kwa miaka mingi wataalamu walipima kloridi peke yake kwa kutumia naitreti ya fedha, wakapiga hesabu ya zilizobaki.

Umeme ulikuja kuirahisisha kazi. Baada ya meli ya Titanic kugonga siwa barafu na kuzama mwaka wa 1912, doria maalumu iliundwa kulinda meli dhidi ya barafu. Kufikia mwaka wa 1930 watu wa doria hiyo walikuwa wakipima chumvi kwa umeme melini ili kufuatilia mikondo inayoisukuma barafu hiyo. Mwaka wa 1978 wataalamu wa dunia walikubaliana kipimo kimoja: linganisha upitishaji wa maji ya bahari na ule wa myeyusho wenye gramu 32.4356 za kloridi ya potasiamu ndani ya kilo moja, vyote vikiwa na nyuzi 15. Vikilingana sawasawa, ukolevu ni 35. Mwaka wa 2009 hesabu mpya iliidhinishwa inayotoa jibu kwa gramu halisi, lakini kinachopimwa chomboni bado ni umeme.

Leo kuna maboya karibu 4,000 ya mpango uitwao Argo yanayoelea katika bahari za dunia. Huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda yakipima chumvi, joto na kina, na yakifika juu hutuma habari kwa setilaiti. Hapa kwetu Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yenye makao makuu Mombasa na kituo Kisumu, hufanya vipimo vya aina hiyo baharini na ziwani. Faida yake ni kubwa. Maji yenye chumvi nyingi ni mazito, na tofauti ya uzito husukuma mikondo. Mvua za masika zinapoujaza Mto Sabaki, maji matamu husambaa juu ya bahari karibu na Malindi, na mshale huanguka.

Simbi Nyaima: mahali kanuni inapokwama

Ukivuka Ghuba ya Winam kutoka upande wetu hadi Kendu Bay, utalikuta ziwa dogo la duara liitwalo Simbi Nyaima, yaani Simbi iliyozama. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji chenye karamu. Bibi kizee mmoja akaja akiomba hifadhi, wakamfukuza. Mvua ikanyesha usiku huo na kijiji chote kikadidimia. Wanajiolojia husema ziwa hilo liko ndani ya kreta ya volkeno. Wewe chagua simulizi utakayo, lakini ndege wa flamingo wanaokuja pale huja kwa sababu ya maji yenyewe: ni ya magadi, na yamejaa mwani wanaoupenda. Upitishaji wake hupita mikrosimensi 10,000, ilhali Ziwa Victoria lenye 100 liko karibu sana nalo!

Sasa sikiliza vizuri. Ukichukua kanuni ya bahari ukaitumia Simbi, utapata jibu, nalo litakuwa la uongo. Kanuni ile inategemea unga wa uji ule ule. Simbi ina unga mwingine: humo kuna kaboneti nyingi, jamaa ya magadi tunayotia kwenye mrenda ili ulainike. Ioni hizo hazikimbii kwa mwendo wa zile za chumvi ya mezani. Mshale unaona abiria wanaofika ng'ambo. Majina ya wenye bodaboda haujui.

Mshale usiyoyasema

Hapa ndipo penye uzito wa makala yangu, maana yanahusu uhai. Watu wengi huona chombo cha kupima maji, ambacho siku hizi huuzwa kikiwa kidogo kama kalamu nene, wakidhani kinasema maji haya yanyweke na yale yasinyweke. Hakisemi hivyo.

Katika mwaka wa 1997 hadi 1998 kipindupindu kilishambulia uliokuwa Mkoa wa Nyanza. Wagonjwa zaidi ya 14,000 walilazwa na zaidi ya 500 wakafariki. Uchunguzi uliofanywa ulionyesha kwamba kunywa maji ya Ziwa Victoria kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia watu hatarini. Maji hayo hayo ndiyo ambayo mshale hauyajali, maji "matamu" ya 100! Kijidudu cha kipindupindu si chumvi. Mshale haumwoni.

Tena fanya hivi: pima maji ya ziwa, yachemshe yatokote, yaache yapoe kabisa, uyapime tena. Mshale utarudi karibu pale pale. Kabla ya kuchemshwa yangeweza kukulaza hospitali, baada ya kuchemshwa hayana neno, na chombo hakikuona tofauti.

Kuna na floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa. Ikizidi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na ikizidi sana mifupa huumia. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina tatizo hili. Lakini kiasi hicho cha floridi huongeza mikrosimensi chache tu. Katika kisima chenye mia saba au mia nane, utaionaje? Ni kutafuta punje ya mtama ndani ya gunia la mahindi. Sharti maji yapelekwe maabara.

Basi kifaa hiki kina faida gani nyumbani?

Kina faida kubwa kikiulizwa swali lake. Kwanza, hukata ubishi wa ladha. Ukizidisha mikrosimensi kwa sehemu kati ya 0.5 na 0.7 unapata makisio ya miligramu za chumvi kwa lita. Yakipita 1,000 watu wengi huona maji hayanyweki vizuri. Pili, na hili ndilo bora, huonyesha mabadiliko. Kisima kilichokuwa 400 kila mwezi, ghafla kikasoma 700, kinakuambia kitu kipya kimeingia: labda maji ya choo, labda mbolea, labda tabaka lenye chumvi limefikiwa. Kule Lamu, ambako mji hutegemea maji matamu yaliyo chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, kupanda kwa namba kungekuwa onyo kwamba maji yanavutwa kupita kiasi na bahari inanyemelea.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu kishirikiane na chama cha sayansi. Tununue daftari moja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tupime maji ya tangi, ya kisima na ya ziwa, tuandike tarehe, joto na namba, kwa Kiswahili. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na jambo ambalo hakuna ulimi unaoweza kulisema. Na jikoni, rafiki yangu, sufuria ya maji ya kunywa na iendelee kutokota, hata kama mshale umelala.